Baiskeli Yetu ya Kukunja Imefika Mlangali

Mama Zuhura, Halima rafiki yangu,

Jana nilikwenda Mlangali na baiskeli yetu. Nimeona nikuandikie, maana hakuna mwingine atakayetaka kujua ilivyopanda ule mlima.

Tangu tukuzike Makambako sikuwa nimefika Mlangali. Mitumba niliiuzia hapa mtaani kwetu Ramadhani, mbele ya nyumba, na baiskeli ikakaa imekunjwa nyuma ya mlango. Baba Zuhura ndiye aliyeileta, baada ya arobaini yako. Alikuwa ameiosha mpaka inang'aa. "Mama Upendo, hii ilikuwa yenu wawili," akasema, "kwa hiyo sasa ni yako." Nikashindwa hata kumkaribisha chai.

Unakumbuka siku tuliyoichagua? Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika Makambako, nami nikang'ang'ania ile baiskeli nyeusi, ndefu. Ukaniuliza, "Hiyo utaipakia wapi kwenye basi, shoga? Kichwani?" Ukainamia hii ndogo ambayo watu waliipita tu. Ukashika usukani, ukashika kiti, ukaitikisa kama unamwamsha mlevi, kuona kama bawaba ya katikati inacheza. Wapi! Imekaza. Ukapapasa meno ya tairi, ukajaribu gia zote, ukasema, "Hii ya lami, hii ya matope." Muuzaji akadai ni ya watoto. "Basi sisi watoto," ukamjibu, ukaipanda palepale na gauni lako, soko zima likishangilia.

Juzi niliitoa nyuma ya mlango. Nikafanya ulivyonifundisha: kwanza kufuta matope na fulana isiyouzika, halafu oili kidogo kwenye mnyororo na grisi kwenye bawaba. Breki ya nyuma ilikuwa imelegea, nikaikaza. Nilipofunga komeo la bawaba, nikaitikisa kama wewe.

Basi likanishusha Mlangali. Nikaikunjua, nikafunga furushi la sweta nyuma, nikashika njia ya mashambani. Ule mlima iliupanda vizuri kwa gia yako ya matope. Mteremko wenye mawe wa upande wa pili ulinitisha, lakini swali ndilo lililonitisha zaidi, ndiyo maana nilikaa nyumbani muda wote ule. Na kweli, yule bibi mteja wetu wa siku zote akatoka kwenye mahindi yake akicheka, akanisalimu kwa kilugha.

"Kamwene! Mwenzio umemwacha wapi?"

Jibu lake sikuwa nimewahi kulitamka kwa kinywa changu, Halima. Hata msibani wengine ndio waliolisema.

"Bibi, Halima amefariki."

Akaweka jembe chini. Tukakaa pembeni mwa njia, tukalia. Kisha akaanza kusimulia ulivyomuuzia sweta la mumewe kwa kulivaa mwenyewe na kutembea kama mzee mwenye mgongo. Tukacheka, jamani, mpaka majirani wakaja, na kila mmoja akawa na la kwake juu yako. Sikuuza sana. Nilirudi nimeshiba habari zako.

Pumzika, shoga yangu. Watu wa vijiji vya mbele bado hawajui. Mvua ikikatika nitavifikia vyote, niwaambie mwenyewe, wasije wakapata habari zako kwa mtu asiyekujua.

Mwenzio,
Mama Upendo