Udongo Wetu Unaomba Kibali

Jumatatu, 2 Juni 2025. Jinja

Udongo umerudi kutoka maabara ya Nairobi — na umekamatwa! Makopo yote, pamoja na jino. Yako ofisi ya karantini, ndani ya kabati lenye kufuli. Mkaguzi, Bwana Obura, anauliza kibali cha kuingiza kiko wapi. Nikamwambia huu ni udongo wa Mbale, tumeuchimba sisi watafiti wenyewe pangoni, kwenye kaburi la kale, kibali cha kuutoa ninacho. Akasema udongo ukishafunguliwa nchi nyingine ni mgeni, hata kama ulizaliwa hapa.

Kosa langu. Lakini nani hubisha hodi kwao?

Mama Topista sijamwambia. Kaburi lile ni la ukoo wake; jino ni la Bibi, mzee wao wa kale. Alituruhusu kuchimba kwa sharti moja: kila kilichotoka kwa Bibi kirudi kabla ya kufukia. Wanamfukia Jumamosi. Ukoo wote unakuja, ng'ombe ameshapatikana.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Ofisi zimefungwa. Nimefua, nimegombana na kaka Tejas bila sababu. Siku imekwenda bure.

Jumatano, 4 Juni

Obura ananipa njia mbili. Kibali kipya: wiki mbili, pengine zaidi. Au kuchoma: anateketeza kila kitu, anaandika cheti, majivu nachukua.

Nikaona dawa ndiyo hiyo! Nyanya yangu Lilavati tulimchoma, majivu tukayatia mtoni Nile hapa hapa Jinja, na sijawahi kuona kuaga kuzuri kama kule. Basi nikampigia Mama Topista kwa furaha kabisa. Usijali Mama, tutamchoma vizuri, nakuletea majivu mwenyewe.

Akaniomba nirudie. Nikadhani mtandao, nikarudia.

"Kwetu watu nachoma mwizi," akasema taratibu. "Bibi aliiba nini?"

Akakata simu. Mungu wangu! Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata akili. Nimeona aibu, chakula sijakigusa.

Alhamisi, 5 Juni

Kesho Idi, ofisi hazifunguliwi. Ni leo au basi.

Nimefika karantini na boda kutoka Nalufenya, nikamkuta Mama Topista kwenye benchi. Ametoka kwao Malukhu, kule Mbale, na basi la kwanza, leso mpya ya kumfungia Bibi iko mapajani. Salamu aliitikia, macho hakunipa. Obura alipotoka na shati lake la kaki, Mama alisimama wima: "Afande." Obura akaona haya. Kaa tu, Mama.

Kumbe amesoma kanuni upya. Iko njia ya tatu — mvuke. Makopo yanaingia kwenye sufuria kubwa ya chuma, wadudu wanakufa, udongo unabaki udongo, jino linabaki jino. Anaweza kutia sahihi leo hii.

"Bila moto?"

"Moto iko chini, Mama. Haimgusi."

"Kama kupika matoke."

Obura akatazama viatu vyake. "Ndiyo, Mama. Kama matoke."

Hakuna aliyecheka. Mama akanigeukia, mara ya kwanza leo.

"Pinal, binti yangu. Nyanya yako, kama sheria nasema zika tu, wewe nakubali?"

Ndiyo moja tu ingemaliza mambo. Jumamosi watu watasimama mbele ya kaburi lililo wazi, na atakayeulizwa ni Mama. Nikafungua mdomo. Nikamwona Lilavati chini ya udongo, gizani.

"Hapana, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono kidogo, akatoka nje kuwapigia simu wazee wa ukoo.

Naandika kwenye benchi lake. Leso ameiacha hapa kando yangu. Obura ameshatia maji, anauliza awashe? Nimemwambia angoje, atasema Mama. Sauti yake inaingia dirishani, Kigisu kitupu, sielewi kitu. Neno moja tu ninalitambua, lile la matoke. Amelisema, kisha amelisema tena kwa sauti ya chini. Obura naye amelisikia. Ameshika kiberiti, hajakifungua.