Rangi ya Ekzosi ya Hamisi Haijabanduka

Jumanne, Goba

Rangi haijabanduka! Wiki nzima ya kupanda vilima, na ekzosi, bomba la moshi, niliyompakia rangi Hamisi wa bodaboda bado nyeusi tii.

Alinuna sana siku ile nilipomkatalia kuondoka. Nikaacha pikipiki iungurume dakika kumi, ikapoa, nikaiwasha tena, mara tatu, ili rangi iive kwa moto wa injini. "Fundi, abiria wangu wanaondoka!" Nikamnyima funguo. Ila nilikuwa na hofu. Nilizopaka mwanzo zilibanduka zote, na kijiweni walishaanza kuniita fundi wa rangi za kubanduka.

Leo nikamwona anakuja na wenzake wanne, kila mmoja na pikipiki yake. Nikajua wamekuja kunisema.

Akacheka. "Fundi, wapakie na hawa, uwasubirishe kama mimi. Tena wakinuna, waongezee dakika."