Pilau Iliyobaki Kwenye Sinia

Desemba 27, jioni.

Ukungu umelala juu ya Mlalo tangu asubuhi, hata kanisa silioni. Manyunyu hayakatiki. Nimekoka moto na kujifunika blanketi, lakini baridi niliyonayo si ya kutolewa na blanketi.

Niandike tu. Nisipoandika sitalala.

Sikukuu yangu imeharibika, na kilichoharibika si chakula.

Kwa mnaosoma hapa na si wa milimani, nieleze kidogo. Mimi ni Mlutheri, jirani yangu Bi Rukia ni Mwislamu. Kati ya nyumba yake na yangu kuna migomba tu. Kila Krismasi mume wake, Mzee Shabani, huja na kisu chake kunichinjia mbuzi, ili nyumba zote mbili tule bila wasiwasi. Kisu hukiacha kwangu mpaka Mwaka Mpya, maana kuna jogoo wa siku hiyo. Idi ikifika, mimi ndiye ninayekaa jikoni kwao kukaanga maandazi. Na mume wangu alipofariki, Bi Rukia alilala sakafuni kwangu mpaka matanga yakaisha, akawa ananilisha uji kwa kijiko kama mtoto.

Mimi na yeye hatujawahi kula Krismasi kwenye sahani mbili. Sinia moja, upande wake na upande wangu, na nyama tunasukumiana.

Mwaka huu mwanangu Elia alikuja kutoka Dar na wanawe, na chupa mbili za mvinyo wa povu, shingo zake zimevishwa karatasi ya dhahabu. Mvinyo mimi naujua wa Meza ya Bwana tu. Huu Elia aliuweka nje usiku kucha kwenye beseni la maji. Kwa baridi ya huku, alisema, friji ya nini? Akaniambia unaendana na vitu vya kukaanga na vyenye chumvi. Basi tukakaanga sambusa, tukakaanga viazi. Akakata jibini vipande vidogo vidogo, akavichoma kwenye vijiti pamoja na plamsi zetu za shambani. Meza ikapendeza, sijapata kuona.

Nilimwambia, “Chupa zako zingoje. Wageni wetu wale, waondoke, ndipo mfungue.” Akaitikia.

Lakini sikuziondoa mezani. Nakiri. Zilikuwa zinang'aa, na mimi nikataka zionekane.

Bi Rukia akaingia na maneno yake. “Mama Elia, tangu jana sijala, nimekuja kummaliza mbuzi wako. Pilau ya Kilutheri mwaka huu ina chumvi?” Kisha akaviona vile vijiti vya jibini. “Na hivi je? Siku hizi tunachokoa meno kabla ya kula?” Tukacheka mpaka Mzee Shabani akatutuliza.

Tulikuwa tumeshanawa. Sinia liko katikati ya mkeka, mvuke unapanda. Mimi nimeomba, wao wamesema bismillahi yao. Ndipo Elia akasimama na chupa. “Mama, huko mjini hii hufunguliwa mwanzo, inaleta hamu ya kula!”

Nikasema, “Elia!”

Alishaitikisa.

Kizibo kikagonga dari. Povu likaruka, likashuka kwenye sinia letu na kwenye ncha ya mtandio wa Bi Rukia. Wajukuu wakapiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kabla sijaona limeangukia wapi.

Bi Rukia aliurudisha mkono wake uliokuwa umeshafika kwenye pilau. Aliurudisha taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana. Elia akababaika: “Mzee wangu, ni matone tu. Ngojeni niwapakulie nyingine, sufuria bado imejaa.”

Mzee Shabani akatabasamu. “Usihangaike, mwanangu. Tumeshiba.”

Tumeshiba.

Hakuwa ametia hata punje mdomoni.

Angenigombeza ningepona. Alinawa tena, akanishukuru kwa makaribisho, akamshika mkono mkewe kuinuka. Mlangoni akageuka, nikadhani anarudi kukaa. Kumbe anachukua kisu chake.

Elia alilia jikoni, mtu mzima na ndevu zake. Jana alikwenda kuwaomba radhi, Mzee akamshika bega akamwambia hana kinyongo. Leo alfajiri amepanda basi na wanawe kurudi Dar.

Mchana nikaenda mwenyewe. Miaka yote napita kwenye migomba na kuingilia jikoni, leo miguu ikanipeleka mlango wa mbele. Aibu ina njia zake. Nikamwamkia Bi Rukia kwa Kishambaa kama siku zote, akanijibu kwa Kiswahili. Akanikaribisha sebuleni. Akaniletea chai kwenye kikombe cha maua chenye kisahani, kile cha wageni, mimi niliyezoea kikombe cha bati nikiwa kwenye kigoda pembeni ya moto. Nikaomba samahani, nikarudia tena na tena. Akasema, “Hakuna neno, Mama Elia. Ni bahati mbaya tu.”

Hakunitania hata mara moja. Nilimaliza chai yote bila mtu kuniambia nimenenepa.

Nimerudi nikaichukua chupa ya pili, nikaimwaga shimoni. Imefoka povu, kisha kimya.

Maandiko yanatuambia tusimkwaze ndugu kwa chakula wala kinywaji. Nayajua hayo tangu kipaimara. Sikujua kama yanaizungumzia sebule yangu. Bwana, sikukuu iliyong'aa ya nini, kama ninaila peke yangu?

Jogoo wa Mwaka Mpya bado anatembea uani, hana habari.

Kesho nitamshika nimtie kwapani. Nitapita kwenye migomba mpaka mlango wa jikoni, nitaingia kama zamani na kukaa kwenye kigoda changu kabla hawajanikaribisha. Mzee akiinuka kufuata kisu, nitalia hapo hapo mbele yao.

Na Bi Rukia akiniletea kikombe cha maua, nitakunywa, nitashukuru, nitarudi nyumbani na jogoo wangu mzima.