Faili Langu Mbele ya Wifi

Jumatatu, 4 Machi
Mjamzito! Nimepimwa asubuhi hapa hapa kliniki ninapofanya kazi. Nimepita korido nzima nikitabasamu, mlinzi akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Anayejua ni mtu wa maabara tu, na huyo hata salamu huitoa kwa shida. Mume wangu yuko safarini hadi Ijumaa. Nataka asikie kutoka kwangu, ana kwa ana, kabla ya mtu yeyote.

Jumanne, 5 Machi
Balaa! Nilikuwa naikagua seva ya tovuti, ile wagonjwa wanayosomea majibu yao ya vipimo. Programu yake imezeeka, miaka haijaguswa. Nikaongeza alama mbili tatu kwenye anwani ya ukurasa — ikanipitisha bila kuniuliza paswedi. Majibu ya watu wote, wazi! Nimetoka mbio hadi kwa meneja.
Meneja wetu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Akasema hakuna aliyelalamika, na kuizima ili kuapdeti ni usumbufu. Eti ningoje mwisho wa mwezi. Nyie!

Jumatano, 6 Machi
Nimetunga mgonjwa wa uongo, nikamfungulia wifi faili lake. Hakushtuka. Eti nimemweka mwenyewe, nimemtoa mwenyewe, mazingaombwe tu. Anataka mtu wa kweli.
La mgonjwa silifungui, ni siri yake. La wifi halipo — anaogopa sindano huyo! Limebaki langu. Na wifi akijua, mama mkwe amejua.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi binti mmoja aliyekuja kupimwa ameuliza mapokezi kwa sauti ya chini kama majibu yake atayaona yeye peke yake. Wamemhakikishia. Roho imeniuma.
Nikaenda kwa wifi, nikaandika ile anwani kwenye kompyuta yake. Faili langu hilo, bila paswedi. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.
"Izime," akasema. "Sasa hivi."
Kisha akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nimemsihi anyamaze hadi kesho, kaka yake arudi. Ameapa.
Sasa niko chumba cha seva, apdeti inakwenda polepole, tovuti imefungwa kabisa. Nimefurahi jamani!
Simu yangu inaita. Mama mkwe — hajawahi kunipigia saa za kazi. Ng'ambo ya kioo wifi ameinamia droo, anatafuta sijui nini. Simu bado inaita —