Majina Mawili kwenye Fomu ya Bunduki

Verlin,

Maharage yako kwenye friji, mkate wa mahindi nimeufunika. Mbwa hajala. Ukimpa tena mifupa ya kuku, safari hii utadeki mwenyewe.

Asubuhi ulipokuwa unaoga niliisoma fomu uliyoiacha hapa mezani. Miezi mitatu umenichosha masikio na hiyo bunduki unayotaka kuikata mtutu, na sheria inataka isajiliwe kwanza: nisajili, nisisajili? Mimi ndiye niliyekwambia sajili, jela hakuna sofa.

Kumbe umeshaamua. Na wanaoruhusiwa kuishika umewaandika: wewe na mdogo wako Royce. Royce, aliyelipiga risasi buti lake mwenyewe akiwinda bata mzinga! Nikakuuliza, "Na mimi?" Ukanijibu na povu la kunyolea mdomoni, "Aa, Lorene, wewe wa nini? Kukuchukua alama za vidole ni usumbufu tu." Miaka kumi na tisa vidole hivi vinafua chupi zako, leo ndiyo vimekuwa usumbufu.

Nimempigia muuza bunduki. Anasema asiyeandikwa haruhusiwi kubaki nayo peke yake nyumbani. Na wewe kila mwezi uko wiki mbili kazini kwenye visima vya mafuta. Basi natii sheria, nimehamia kwa dada Oleta. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Royce atakufulia.

Takataka zinatolewa Alhamisi.

Halafu badilisha namba za sefu ya bunduki. Bado ni tarehe ya harusi yetu, na asiyeandikwa hatakiwi kuijua.

Shemeji yake Royce