Balanse ya Papa Kilo

Siku ya ine, tarehe 4 mwezi wa tisa

Mvua tangu asubui. Soko ya Nyawera ni matope mpaka mu kisigino. Nimeuza maharagi kidogo tu. Maman wa tomate, jirani wangu wa meza, anasema nimekonda, karibu nitakufa. Nikamujibu: arudishe kwanza beseni yangu.

Nabintu alipita saa sita. Mutoto wa binti yangu, mimi ndiye nilimulea; ananiita Koko, babu yake. Siku ya tatu, tarehe 10, atavuka daraja ya Ruzizi, apande ndege kule ng'ambo, aende Ubelgiji kusomea mambo ya ziwa. Ziwa iko hapa chini ya nyumba. Nilimuambia vile. Alicheka. Mi sikucheka sana.

Valizi yake ya safari isipite kilo makumi mbili na tatu. Anaomba balanse yangu ya kupimia maharagi.

Niandike hapa kile hata padri hajasikia: ile balanse inaongopa. Zamani nilichukua turnevisi ya kukaza visi, nikalegeza resori yake, ule waya wa kujikunja ndani. Ukiweka kilo kumi, sindano inasema kumi na moja. Soko yote wananiita Papa Kilo, kwa heshima. Sawa.

Siku ya posho, tarehe 6

Kuaga. Nabintu anataka kuaga muji kama mutu, mutaa kwa mutaa. Miguu yangu haikuulizwa.

Kwanza na gari mpaka Mumosho, inje ya muji, kwa dada yangu. Alitupatia maharagi ya shamba yake. Maharagi, kwa mujukuu wa muuza maharagi. Tulisali, dada akalia, mi nikasinzia. Nilijifanya tu.

Kisha Ibanda, kando ya ziwa. Akajaza maji mu chupa kidogo, akaifunga na sashe ya plastiki mara mbili. Anaenda na ziwa mu valizi. Nikamuuliza kama atabeba na moto-taxi, na makelele yake. Akasema angeweza, angebeba hata mashimo ya barabara. Tulikaa pale murefu. Nilitafuta kichekesho ingine, sikuipata.

Siku ya kwanza, tarehe 8

Tumepima. Makumi mbili na tano.

Alitoa maharagi ya Mumosho. Makumi mbili na ine. Akaangalia sindano, akaangalia valizi. Akatoa tiriko, sweta ya sufu, ile marehemu muke wangu alimufumia mwaka wake wa mwisho. Nzito kama kondoo. Makumi mbili na tatu, juste.

"Utaniwekea, Koko," aliniambia. Aliikunja mara tatu mbele ya kuiacha.

Kule wanasema baridi inaingia mpaka mu mifupa. Mutoto ataisikia sababu ya resori yangu.

Sikusema kitu. Nikisema, atajua Koko wake ni mwizi wa maharagi. Nina woga. Na kuko mbaya zaidi: nilifurahi tiriko inabaki na mimi.

Siku ya pili, tarehe 9

Nimesema. Asubui, mbele ya chai, nisipate wakati wa kubadilisha mawazo. Nilichukua mufuko wa sukari wa kilo kumi, haujafunguliwa, nikauweka juu ya balanse. Kumi na moja. Hakuelewa. Kisha akaelewa. Nilingojea acheke.

"Tangu wakati gani, Koko?"

"Mama yako hakuwa amezaliwa."

Alikaa chini na kalamu. Akahesabu. Valizi yote, na maharagi, na tiriko, na ziwa, haifike makumi mbili na tatu. Akarudisha kila kitu. Kisha akaleta turnevisi, akaniwekea mu mukono.

Nilikaza resori mpaka saa ine. Yeye alisimama nyuma yangu kama mwalimu. Sukari: kumi.

"Sasa naweza kuenda," akasema.

Siku ya tatu, tarehe 10

Alivuka. Jua kali, naye amevaa tiriko. Aligeuka mara ine. Nilihesabu.

Siku ya tano, tarehe 12

Nilishuka kwa njia ya ziwa. Imejaa vile vile. Chupa aliyobeba haijaipunguza kitu.

Nyawera, jua kidogo. Nimepima siku nzima. Maman wa tomate alinunua kilo mbili, akaangalia kikapu, akaona zimezidi zile za kila siku. Akaniangalia na huruma.

"Papa Kilo, huzuni ya ule mutoto inakufanya unaongeza."

Wengine nao wanasema vile. Jioni amenirudishia beseni, ameisafisha.

Niliwaacha waseme. Haiko uongo yote.