Programu Mpya na Picha ya Marehemu Ogeto

Mama Syprose, nakusalimu sana, na naomba unijibu kabla ya Jumatano kwa sababu baada ya hapo nitakuwa nimechelewa, na jambo lenyewe hata mke wangu sijamwambia.

Nina studio ya picha hapa Nyamira mjini, na kazi inayoniweka mjini si harusi wala pasipoti, ni mazishi. Wazee wengi huku wanaaga dunia wakiwa hawana picha ila ile ya kitambulisho, sasa familia inataka picha kubwa ya kusimamishwa mbele ya jeneza, na inataka mzee awe amevaa suti hata kama maishani hakuwahi kuwa nayo, kwa hivyo mimi huchukua kichwa cha kitambulisho nikakiweka juu ya mwili wa mtu mwingine aliyevaa vizuri, na hakuna anayeuliza mwili huo ni wa nani.

Kompyuta yangu ni ya zamani na programu ya kuhariri picha ni ya zamani vilevile, picha za simu hizi mpya inakataa kuzifungua, na nikivuta picha karibu ili niione vizuri inaganda mpaka niizime. Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipotengeneza picha ya Mzee Nyabuto wa Kenyenya, sikuivuta karibu. Nilitumia mwili wa marehemu Ogeto, seremala niliyempiga picha hapa studio na suti yake ya kijivu miezi michache kabla hajafa, maana alisimama vizuri ameweka mikono mbele, na kwa kawaida mimi hukata kifuani lakini watu wa Nyabuto walitaka mzee asimame mzima, nikawapa, wakafurahi, na sikuona kwamba kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaishia katikati. Msumeno ulimkata Ogeto zamani.

Siku ya mazishi Mong'ina, mjane wa Ogeto, alikuwa kwenye foleni ya kuaga, kwa sababu dada yake ameolewa boma hilo. Akafika mbele ya picha akasimama, akaanza kulia. Watu walidhani anamlilia Nyabuto.

Alikuja studio Jumatatu ya wiki iliyopita, peke yake. Nilijiandaa kutukanwa. Akakaa kwenye kiti cha kupigia picha, akasema, "Mose, mimi sijakuja mambo ya Kenyenya. Nitolee tu picha ya omogaka wangu, mzee wangu. Ile picha yetu ilinyeshewa, sura yote ilitoka. Hata uso wake nimeanza kusahau, mwanangu." Nikamwambia kompyuta inasumbua, arudi. Akarudi Alhamisi, nikamwambia hakuna stima, na stima ilikuwepo. Amesema atakuja tena Jumapili, wiki hii ikiisha.

Picha ipo, Mama. Ninaiona hapa ninapoandika. Lakini nikimpa akaenda nayo Kenyenya, akaiweka kando ya ile iliyo ukutani kwa kina Nyabuto, kila mtu ataona ni suti moja na mkono mmoja, na huku kwetu kuambiwa kwamba baba yenu mlimuaga akiwa na mwili wa marehemu mwingine si neno dogo, wazee wataitana, na jina langu litakuwa limeharibika kuanzia Nyamira mpaka Kisii.

Na fundi wa kompyuta, Dancun, anakuja Jumatano kuniwekea programu mpya. Ameniambia, "Boss, hii mashine imezeeka. Hiyo mpya haiwezi ingia hivi, lazima nifute kila kitu nianze upya. Toa picha zako kwanza, mimi nikishafuta siwezi rudisha." Sasa naungama kwako: sijatoa hata moja. Nimekuwa nikifikiri, akishafuta, nitamwambia Mong'ina kwamba picha ilipotea tukibadilisha programu, na itakuwa kweli. Halafu programu mpya naihitaji kwa haki, wateja wananikimbia. Je, nimwache Dancun aje?

Mose, Nyamira

*

Mose, asije. Hilo ndilo jibu lako, sasa kaa nikueleze.

Swali la programu ungemuuliza fundi, na alikuwa amekujibu tayari. Mimi umeniuliza kama unaweza kuifuta picha ya mume wa mtu halafu lawama zimwangukie Dancun. Nimekasirika na sitakuficha. Hofu yako naielewa. Kosa la mkono hukulifanya kwa ubaya, uliwapa watu wa Nyabuto walichokuomba, na hadi hapo ningekutetea mbele ya mzee yeyote. Lakini stima, Mose! Mjane amefunga safari, wewe unamwambia hakuna stima na balbu inawaka juu ya kichwa chake. Hukuona haya?

Tumalize ya kompyuta kwanza, maana ndiyo rahisi. Mpigie Dancun leo umwambie Jumatano haipo. Mashine ya umri huo ukiibebesha programu mpya itaganda kuliko inavyoganda sasa. Tafuta diski ya nje, nakili kila picha, kisha uichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine uzifungue uone kama zinafunguka kweli. Kuna watu wamenakili njia ya mkato peke yake, yaani kialama cha kufungulia bila picha yenyewe, wakafuta, wakabaki kushika kichwa. Hiyo ya zamani iache ilivyo iendelee na kazi zake, na programu mpya ingoje kompyuta yenye nguvu ya kuibeba. Kuhusu picha za simu, mwambie mteja abadilishe mipangilio ya kamera ipige za kawaida, na alizokwisha kupiga Dancun atakubadilishia kwa dakika chache. Yaani ulitaka kufuta watu wote hao kwa shida ambayo simu yenyewe inaimaliza!

Na suti, mwombe rafiki yako mmoja mwenye mwili mzuri avae, asimame, umpige. Mtu aliye hai na aliyekubali. Miili ya marehemu uache kuigusa.

Kisha Kenyenya utaenda, tena mwenyewe, ukiwa na picha nyingine ya Nyabuto uliyoitengeneza kwa uangalifu. Waambie watoto wake ulipokosea, uwabadilishie iliyo ukutani. Watakufokea. Wakiita wazee, kaa chini na uwasikilize, usijibizane na mtu.

Lakini kabla ya hao wote kuna Mong'ina. Unaogopa ataifanya picha kuwa ushahidi. Hebu fikiri basi. Mama huyu aliuona mkono wa mume wake mbele ya watu wote wale, na neno lake moja lingeyasimamisha mazishi. Alinyamaza. Amekuja kwako mara mbili bila shemeji, bila mzee wa mtaa, bila kupandisha sauti. Ushahidi anao tangu siku ile, Mose. Asichokuwa nacho ni uso.

Usimngoje Jumapili. Ichapishe sasa hivi, kubwa, funga studio, umpelekee nyumbani kwake.